Amigdala Haichakati Hisia

SWALI: Mwalimu, ninasomea uuguzi hapa Dodoma na tumepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha afya ya akili kwa Kiswahili. Nimeandika hivi: "Amigdala ni sehemu ya ubongo inayochakata hisia." Mwenzangu anadai kwamba badala ya amigdala niandike "lozi ya ubongo", na badala ya hisia niandike "mihemko". Nani yuko sahihi?

JIBU: Sentensi yako ina maneno saba. Ninyi wawili mmegombania la kwanza na la mwisho, mkalipita la sita kana kwamba halipo, na hilo la sita ndilo lililoniharibia chai ya asubuhi. Nitawaamua katika ugomvi wenu, lakini mtanivumilia nipite kwanza kwenye ugomvi wangu, ambao ni wa siku nyingi kuliko wenu.

Nianze na lozi kwa kuwa halichukui muda. Amigdala ni neno la Kigiriki lenye maana ya lozi, na aliyelibandika kwenye ubongo ni Karl Friedrich Burdach, mtaalamu wa anatomia wa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya kuona humo kifundo chenye umbo la punje hiyo. Waarabu nao hukiita lozi, na sisi neno hilo tulilipokea kwao zamani pamoja na halua yake, kwa hiyo pendekezo la mwenzako halina kosa la kisarufi wala la kihistoria. Shida yake ni kwamba kwa wasomaji wengi wa bara mlozi ni mchawi na ulozi ndio kazi yake, nami sitaki mgonjwa anayesoma kijitabu cha afya ya akili aambiwe kwamba ana lozi mbili kichwani, kisha arudi nyumbani kumtafuta jirani aliyemtilia. Andika amigdala, eleza mara moja kwamba ni kifundo chenye umbo la lozi, kimoja kila upande, ndani kabisa ya ubongo nyuma ya panja, kisha uendelee na safari.

Sasa tuje kwenye kuchakata. Neno hili likiwa kazini kwake sina neno nalo. Mkonge wa Tanga huchakatwa: majani mabichi hulishwa kwenye mashine iitwayo korona, nayo huyaponda na kuyakwangua nyama na maji yake, na upande wa pili hutoka nyuzi ambazo huoshwa, huanikwa juani na kupigwa brashi. Korosho za Mtwara huchakatwa, na minofu ya sangara wa Mwanza huchakatwa kabla ya kupanda ndege. Katika kazi zote hizo kuna kitu kibichi kinachoingia, na kinachotoka ni kitu kile kile kikiwa katika hali nyingine. Watu wa kompyuta walipoliazima wakaanza kusema kuchakata data, nilinung'unika kidogo kisha nikanyamaza, kwa kuwa huko namba huingia na namba hutoka, na mwenye kiwanda ana haki ya kusema kiwanda.

Kilichonishinda ni kilichofuata. Washauri nasaha wa mitandaoni walilidaka neno hilo wakalipeleka moyoni, na siku hizi mfiwa ambaye hata matanga hayajaondolewa huambiwa "jipe muda wa kuchakata hisia zako", aliyeachwa na mchumba hujibu salamu kwa kusema "bado nachakata", na mtangazaji humwuliza mchezaji aliyekosa penalti alizichakataje hisia zake pale uwanjani. Mfiwa hachakati kitu chochote. Mfiwa hulia, huomboleza, humeza machungu, hujiliwaza, hupigwa na kumbukumbu akiwa katikati ya jambo jingine, mpaka siku moja machungu yanapoa au yeye anayazoea. Kila kitenzi katika hivyo kinaeleza jambo tofauti ambalo mtu mzima yeyote amelipitia, na vyote tumeviweka kando ili tupate kitenzi kimoja chenye harufu ya maji ya mkonge.

Tazama zaidi ya hapo jinsi Kiswahili kinavyoipanga sentensi yenyewe. Mtu huingiwa na hofu, hushikwa na huruma, hupandwa na hasira, hupatwa na kihoro, hujawa na furaha, hupigwa na bumbuwazi. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa, na anayetendwa ni binadamu. Hofu ndiyo yenye mikono, hasira ndiyo yenye miguu ya kupandia. Ukimgeuza mtu, au kiungo cha ubongo wake, kuwa fundi aliyesimama mbele ya mashine akizilisha hisia mbichi ili zitoke zikiwa safi, umekivunja kipengele kimoja cha lugha kilichopangwa vizuri mno, na kwa bahati mbaya umesema pia jambo ambalo kisayansi si kweli.

Hilo la mwisho linakuhusu wewe muuguzi kuliko linavyonihusu mimi. Kinachoingia kwenye amigdala si hisia. Huingia habari za macho, za masikio, za pua na za ngozi, nyingine zikipitia thalamasi, yaani kituo cha kupokezana habari katikati ya ubongo, na nyingine zikipitia gamba la ubongo, na nyingi hupokelewa katika kiini chake cha pembeni. Amigdala yenyewe si punje moja. Ni mkusanyiko wa viini zaidi ya kumi, na kile cha kati ndicho kinachopeleka amri kwa haipothalamasi, sehemu ndogo inayosimamia hali ya ndani ya mwili, na kwa shina la ubongo, ambako moyo huambiwa uende mbio, viganja hutoa jasho, misuli hukaza, na mnyama mwenye kujificha huganda pale alipo. Huingia picha na sauti, hutoka amri za mwili. Sasa hisia ilichakatwa wapi?

Wahenga walilisema jambo hili kwa usahihi unaonitia wivu: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Soma polepole. Kwanza kuna kuumwa, yaani somo. Kisha kuna unyasi, kitu kisicho na sumu wala meno, ambacho kimepewa uzito wa nyoka kwa sababu kinafanana naye. Kisha kuna kitenzi, na hapa ndipo ninapowavulia kofia waliotutangulia: hushtuka. Hawakusema huogopa, wala hawakusema hudhani ni nyoka, kwa kuwa anayeshtuka hajapata nafasi ya kuogopa wala ya kudhani; mguu umekwisha kuruka, na akili inafika baadaye na kucheka, "kumbe unyasi". Mshtuko wa mlango uliobamizwa ghafla ni kazi ya shina la ubongo na kila mtoto huzaliwa nao, lakini mshtuko wa unyasi hufundishwa, na mwalimu wake mkuu ndiye huyu amigdala. Sasa ipeleke methali hiyo kwa washauri wetu wa mitandaoni waitafsiri kwa Kiswahili chao: "Mtu mwenye uzoefu wa nyoka anapokutana na unyasi huchakata hisia za hofu." Nani ataikumbuka hata mpaka kesho?

Wanasayansi wamekuja kuipima tofauti hiyo kati ya kushtuka na kujua. Mwaka 1995, Antoine Bechara na wenzake katika jimbo la Iowa, Marekani, waliwaonyesha watu picha za rangi mbalimbali, na rangi moja ikawa inafuatwa na mlio mkali wa honi, huku vyombo vikipima jasho la ngozi. Mtu wa kawaida, baada ya kurudiarudia, hutoa jasho rangi ile inapotokea hata kama honi haijalia. Mwanamke mmoja ambaye amigdala zake zote mbili zimeharibiwa na ugonjwa wa nadra uitwao Urbach-Wiethe, na ambaye wataalamu wamemficha kwa herufi S.M., alieleza bila kukosea kwamba rangi ile ndiyo inayoleta honi, lakini ngozi yake ilikaa kavu. Mgonjwa mwingine, ambaye amigdala zake zilikuwa nzima ila hipokampasi, sehemu za ubongo zinazoweka kumbukumbu, zimeharibika, alitoa jasho kama kawaida na hakuweza kueleza ni rangi gani ilifuatwa na nini. Wa kwanza alijua bila kushtuka, wa pili alishtuka bila kujua. Ukimwambia mwanafunzi kwamba hawa wawili wana tatizo la "kuchakata hisia" hutakuwa umemweleza chochote kuhusu yeyote kati yao.

S.M. huyo huyo alipopelekwa kwenye duka la wanyama alimshika nyoka mkononi kwa udadisi mkubwa, ingawa alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba anawachukia nyoka. Watu wakahitimisha upesi kwamba amigdala ndiyo makao ya hofu, na maneno hayo, "kituo cha hofu", nimeyaona yakizunguka katika makala nyingi za afya za Kiswahili. Ikafika mwaka 2013, S.M. na wenzake wawili wenye ugonjwa kama wake wakavutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksaidi, na wote watatu wakashikwa na kiwewe kikubwa, wasio na amigdala hao. Tishio lililotoka ndani ya mwili lilikuwa limepita njia nyingine. Kwa upande wa pili, amigdala hushughulika pia na chakula kitamu, na sura za watu, na mambo ya furaha ambayo husaidia yabaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ukiiita kituo cha hofu umeinyima nusu ya kazi zake na kuipa nyingine isiyo yake peke yake.

Kinachonichekesha, kwa kicheko cha uchungu, ni kwamba wenye maneno hayo wameanza kuyakimbia. Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York, ambaye utafiti wake juu ya panya ndio uliochangia sana kuifanya amigdala iwe maarufu, aliandika mwaka 2014 akipendekeza kwamba neno hofu liachiwe kile ambacho mtu anakijua nafsini mwake anapoogopa, na kwamba kazi ya amigdala iitwe kutambua tishio na kulijibu. Yaani yeye anarudi kwenye mpaka wa kushtuka na kuogopa, ambao sisi tulizaliwa nao, wakati sisi tunapanga foleni kupokea nguo aliyoivua.

Turudi kwenye ugomvi wenu. Hisia ni neno zuri lililogeuzwa gunia. Humo tumetia milango ya fahamu, ambayo ina jina lake la hisi. Tumetia dhana, kama anayesema "nina hisia kwamba atakuja". Tumetia maoni, kama mbunge anayetoa "hisia za wananchi". Kisha tumetia hofu, huzuni, chuki na kinyaa, na ili gunia lijae tukaanza kusema "hisia za huzuni", kana kwamba kuna huzuni nyingine isiyohisiwa. Ukiona "hisia za" mbele ya jina la jambo linalohisiwa, lifute, sentensi haitaumia. Mwenzako kwa hiyo ana sababu ya kulikwepa neno hilo, na mhemko ni mbadala wenye heshima, kwa kuwa limetokana na kuhemka na ndani yake mna mwili unaochemka. Kwa sababu hiyo hiyo halienei kila mahali. Simanzi ya mjane aliyekaa kimya kwenye mkeka si mhemko, wala wahaka wa mzazi anayesubiri matokeo ya mtoto haufiki huko. Tumia mihemko pale unapoeleza mapigo ya moyo, jasho na pumzi. Tumia hisia pale mtu anapoulizwa anajisikiaje. Na kila unapoweza, litaje jambo lenyewe kwa jina lake, kwa maana hamaki, ghadhabu, fadhaa, kiwewe na mchecheto hayajafa, yamekosa waandishi tu.

Katika kijitabu chako ningeandika hivi: "Amigdala ni sehemu ya ubongo inayotambua upesi jambo lenye tishio au lenye uzito kwa mtu, na kuutayarisha mwili kulikabili." Ni ndefu kuliko yako, lakini mgonjwa ataielewa na mwalimu wako wa fiziolojia hatakuwa na pa kuikosoa. Upatanisho ni amigdala hii, amigdala hizi, usiniletee maamigdala. Na kama msimamizi wenu atashikilia kwamba "kuchakata" ndilo neno la kitaalamu na ni lazima liwemo, mwombe basi akubali liandikwe "huchakata taarifa za macho na masikio", ambalo ni kweli angalau. Hapo nitanyamaza kama nilivyonyamaza kwenye data, na kwa kinyongo kile kile.