Sola ya gari haifungwi kama sola ya nyumba

Vijana mnaotoka VETA na mmeshafunga sola kwenye nyumba za Chamwino na Bahi, ipo siku mtaletewa Land Cruiser au Coaster iliyogeuzwa nyumba: kitanda, friji, jiko, kila kitu ndani. Mwenye gari anataka kulala porini bila kuwasha injini. Kazi hiyo ipokeeni, ina heshima yake. Ila kumbukeni kwamba nyumba imetulia mahali pake, na gari litapigwa na barabara ya vumbi mpaka ndani ya Ruaha. Nati iliyolegea kidogo hapa Dodoma, huko itang'oka.

Kabla ya kugusa paa, kaa na mteja mpige hesabu. Anza na friji, maana ndiyo mlaji mkubwa. Friji ya volti 12 inayovuta wati 45, ikiwaka saa 12 kati ya 24 za siku, inamaliza wati-saa 540. Weka taa, feni, simu na kompyuta, unafika kama 800. Paneli ya wati 200, kwa saa 5 za jua zuri, ukitoa kinacholiwa na joto, vumbi na waya, inaleta kama 700. Haitoshi. Mwambie ukweli kwamba anahitaji wati 300, hata kama alikuja na bajeti ya 200. Betri nayo ni hivyo hivyo: ya asidi yenye ampea-saa 100 imeandikwa wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Ya lithiamu inatoa sehemu kubwa ya ujazo wake na ni nyepesi, jambo kubwa kwa gari. Hakikisha tu kontrola, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ina mpangilio wa lithiamu.

Juu ya paa, laza paneli. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo fremu ya kuinamisha inaongeza upepo na faida yake ni ndogo. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu chini yake hewa ipite. Paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Ikifika 60, umeshapoteza kama asilimia 14. Mimi napenda kufunga kwenye keria kwa bolti na nati zenye raba ndani, kuliko kutoboa bati. Gundi peke yake siiamini kwa vumbi letu. Pale unapolazimika kutoboa, ziba kwa silikoni ya nje na weka bamba pana upande wa ndani.

Angalieni sana kivuli. Seli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo tairi la akiba likifunika kona moja tu, umeme wa paneli unaweza kushuka sana, si kwa kona ile pekee. Na wenye magari hupenda kuegesha chini ya mbuyu, nani atawalaumu kwa jua hili? Mteja wa namna hiyo mshauri awe na paneli ya kukunja na waya mrefu aitandaze juani.

Waya ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ampea 10 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, zinapoteza kama volti 0.7, wa 6 unapoteza kama 0.3. Kwenye nyumba ya volti 230 hiyo si kitu, kwenye volti 12 ni hasara kubwa. Kila tundu la bati waya unapopita lipate raba, la sivyo mtikisiko utaukata ngozi taratibu mpaka uguse bodi. Fyuzi ya chanya ikae jirani kabisa na betri, kwa sababu betri ndiyo yenye nguvu ya kuwasha moto. Hapo sikubali mjadala.

Kuunganisha: betri kwenye kontrola kwanza, halafu paneli. Kuchomoa, paneli kwanza.

Ukikabidhi gari, mpangie mteja arudi baada ya safari yake ya kwanza ya vumbi. Kaza kila bolti upya, pima volti kwenye kila kiungo, futa paneli kwa maji na kitambaa laini.