Watoto, tembo na bahari ya Saadani

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nataka kuwapeleka wanangu Hifadhi ya Taifa ya Saadani wakaone tembo ufukweni, kama kwenye picha. Twende lini, na wataogelea?
Mama Rehema, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Tembo hufika ufukweni, ila hawana miadi na mtu, basi usiwaahidi watoto. Ngiri na kongoni ndio utakaowachoka.

Masika, Machi hadi Mei, usithubutu: ule udongo mweusi hung'ang'ania magurudumu hata ya gari kubwa. Ngoja Julai au Agosti, upitie Pangani.

Baharini waogelee pale wenyeji watakapowaonyesha. Mto Wami ni habari nyingine, kuna mamba na viboko. Humo mnapanda boti, na mikono inabaki ndani. Mikoko ya mdomoni mwa mto peke yake inatosha safari. Kutembea porini ni pamoja na askari mwenye bunduki.

Kwenye ufukwe wa Madete, kasa hupanda usiku kutaga. Tochi zimeni, na simu pia (najua, picha!), kwani mwanga humrudisha baharini na mayai yake tumboni. Vitoto navyo hufuata taa wakidhani ndiko bahari iliko.