Kumtafutia Kijana Mwalimu wa Uchoraji Kabla ya Chuo

Binti yangu alipomaliza kidato cha nne na kuniambia kwamba anataka kusomea sanaa za ufundi, nilimtafutia mwalimu kwa kutazama picha alizochora mwalimu mwenyewe. Zilikuwa sura za watu mashuhuri, zimefanana na picha za kamera, nami nikalipia masomo ya miezi mitatu ya nyumbani. Mtoto akawa hodari wa kunakili picha za kwenye simu kwa kuzigawa katika miraba na kuhamisha mraba mmoja mmoja, lakini nilipomwomba achore birika la chai lililokuwa mezani mbele yake, birika likatoka limeegemea upande kama linalotaka kuanguka.

Siku hizi mzazi akiniomba ushauri, humwambia aombe kwanza kuona madaftari ya wanafunzi, si kazi za mwalimu. Kazi zao zote zikifanana, hapo pana kiwanda. Kijana anayejiandaa na chuo anahitaji kuchora anachokiona kwa macho yake: uwiano, mwanga na kivuli, kwa penseli au mkaa, kabla hata ya kugusa rangi.

Mwalimu wa pili tulimpata baada ya kuzunguka. Tulianzia Nafasi Art Space, Mikocheni, Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2008 wasanii wamekuwa na karakana zao, na kijana anaweza kuona jinsi kazi inavyoanza, inavyoharibika na kurekebishwa. Tulifika pia kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay. Wapo wanaowadharau kwa kudai kwamba wanarudia twiga wale wale, dharau ambayo mimi siikubali, kwa sababu mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 unafundisha mkono kutulia na kuvuta mstari safi kwa rangi ya mafuta isiyosamehe kosa. Ila haumfundishi kijana kuchora umbo lililo mbele yake, na hilo inabidi alipate kwingine. Binti yangu alilipata Mwenge, kwa wachonga vinyago, na Kivukoni, kwa wauza samaki, ambao hawasimami wakusubiri umalize.

Kuhusu chuo, amueni mapema. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, hufundisha kwa vitendo zaidi, ilhali shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humtaka mwombaji awe amepita kidato cha sita au stashahada, na maandalizi ya njia hizo mbili hayalingani.

Jambo jingine ni kuandika tarehe nyuma ya kila mchoro na kutotupa ile mibaya. Birika lile amelichora mara 11 hadi sasa, na michoro yote ameihifadhi kwenye jalada lake, ukiwamo ule wa kwanza, ambao mama yake alitaka kuuwashia jiko.