Usimpe fundi hiyo besi ya Kijapani kabla hujaifungua shingo

Mleta uzi, kama besi, hilo gitaa la nyuzi nene, bado iko kwako, isitoke mlangoni. Kama iko kwa fundi, panda boda ukaichukue leo leo. Nilipofika pale uliposema "fundi kashauri tuipige msasa, tuipake nyeusi, tuweke pikapu mpya na stika ya Fender kichwani ili ipate bei" (pikapu ni vile visumaku vinavyonasa mlio wa nyuzi, Fender ni kampuni ya magitaa ya Marekani), nikaweka simu chini nikatoka nje kupunga upepo. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Sijui ni fundi mmoja au walisoma chuo kimoja.

Umesema ni besi ya marehemu mjomba wako, jina la kichwani limefutika, nyuma, pale shingo inapofungwa kwa skrubu, kuna bamba la chuma lenye maandishi Made in Japan, na unataka kujua imetoka kiwanda gani. Jibu lipo, tena limo ndani ya besi yenyewe. Huyo fundi wako ndiye anayetaka kulifuta.

Yangu niliinunua kwa mzee mmoja aliyepiga sana kwenye bendi za hotelini. Ilikuwa ya kahawia, pembeni rangi inakolea kuelekea weusi, imechubuka kila kona, na kichwani kimebaki kivuli cha gundi pale jina lilipokuwa. Mlio wake ulikuwa mzito, mtamu. Mtu mwenye akili angebadilisha nyuzi akaenda zake mazoezini. Mimi nikaenda kutafuta ushauri.

Fundi akaigonga kwa kidole, akainamisha sikio, akasema: "Hii Fender ya Marekani kabisa. Hilo bamba la Japani kuna mtu kalibandika tu." Nikauliza umejuaje. Akaigonga tena. Hiyo ndiyo maabara yake nzima, wadau, kucha ya kidole cha shahada. Nikarudi kwenye kundi letu la wanamuziki la WhatsApp kuthibitisha. Huko kuna bingwa mmoja anayejua kila kitu isipokuwa kulipa madeni, akaandika kwamba vya Kijapani vya zamani ni vya kujifunzia, havina soko, nisipoteze muda na bamba. Watu wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, nisikatae.

Basi kazi ikafanyika. Pikapu zikang'olewa, waya zikakatwa kwa koleo, zikaja mpya za kwenye kimfuko cha nailoni. Bamba likatoka, likaja linalong'aa lisilo na herufi hata moja. Mwili ukapigwa msasa wote. Na hapa ndipo roho inaponiuma mpaka leo: akaingiza msasa hadi ndani ya tundu la shingo, pale shingo inapoingia mwilini, eti ikae vizuri. Ilikuwa imekaa vizuri tangu kabla mimi sijazaliwa! Kisha nyeusi ya kupuliza, stika, na chombo kikawa kinang'aa utafikiri jeneza la mheshimiwa. Nikauliza vitu vya zamani viko wapi. "Vyuma chakavu vile, nimempa dogo akauze." Nikamlipa. Nikampa na ya soda juu.

Mnunuzi alipokuja hakuipiga hata noti moja. Aliomba bisibisi. Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu nne, akainua shingo, akamulika tundu kwa simu. Kingo za mbao zikaonyesha matabaka yaliyogandishwa, kama plaiwudi. Akasema taratibu, bila kebehi, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi: "Kaka, Fender ya Marekani haina mwili wa hivi. Hii ni ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 70, na ningeinunua kwa bei nzuri tu kama ya Kijapani. Pikapu zake ziko wapi? Bamba lake?" Nikamwonyesha picha pekee niliyokuwa nayo, ya siku niliyoinunua. Bamba limo kwenye picha, ila limefunikwa na kidole gumba changu. Zinasomeka herufi za juu tu, STEEL ADJ. Akacheka, akanirudishia simu, akataja bei ya kuni.

Angalia nilichofanya. Nilikuwa na Mjapani halali, nikalipia hela yangu mwenyewe kumgeuza Mmarekani wa bandia.

Zile herufi chache ndizo zilizonikosesha usingizi baadaye. Maandishi kamili huwa "Steel Adjustable Neck", na bamba la namna hiyo lilitumika sana na Matsumoku, kiwanda cha mji wa Matsumoto mkoani Nagano. Hao walianza kama watu wa mbao, wakitengeneza kabati za cherehani za Singer, wakaingia kwenye magitaa, wakafunga kiwanda mwaka 1987. Mji huo huo ndiko walikokuwa FujiGen, walioanza 1960. Wakati huo Ibanez ni jina la wafanyabiashara wa Nagoya, Hoshino. Aria nalo ni la wafanyabiashara wengine wa Nagoya, Arai. Wao wanaagiza, kiwanda kinachonga, jina linabandikwa kwa matakwa ya mwenye oda. Mwili ule ule wa Matsumoku ungeukuta dukani unaitwa Aria, Univox au Electra. Teisco wa Tokyo, walionunuliwa na Kawai wa Hamamatsu mwaka 1967, nao mali yao ilitoka kwa majina chungu nzima. Ndiyo maana jina kufutika kichwani si msiba. Jina lingekuambia nani aliuza tu.

Vinavyosema mchongaji ni nani ni vitu vingine. Tundu la shingo mara nyingi huwa na mhuri au maandishi ya penseli ya mfanyakazi wa kiwandani. Pikapu za Maxon, zilizofungwa kwenye Ibanez nyingi na Greco (jina jingine la Kijapani), zina namba zilizogongwa upande wa chini, na ndani ya namba hizo mna tarehe. Bamba lina maneno yake na, ukibahatika, namba. Ibanez kuanzia 1975 walitumia herufi ya mwezi na tarakimu mbili za mwaka, hivyo F79 ni Juni 1979. Za kabla ya hapo nyingi hazina mpango wowote, kwa hiyo usikubali mtu akusomee mwaka kutoka namba tupu kama anasoma nyota.

Na kuhusu hiyo stika: mwaka 1982 Fender wenyewe walianzisha Fender Japan, kazi wakawapa FujiGen. Namba za mwanzo zilianza na JV, na leo watu wanazisaka kwa tochi. Yaani hata Fender ya kweli inaweza kuwa na Made in Japan mgongoni! Wewe ukiikuta JV kwenye hilo bamba halafu fundi analitupa ili aweke stika ya Fender, mimi nitahama nchi.

Halafu kuna waliokujibu hapo juu kwamba ni "ya enzi ya kesi" kwa hiyo ni mamilioni. Waacheni. Kesi ilikuwa moja, ya 1977: Norlin, wenye Gibson, kampuni nyingine ya magitaa ya Marekani, waliwashtaki wasambazaji wa Ibanez kule Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa lililofanana na la Gibson, wakamalizana nje ya mahakama mwaka uliofuata. Ibanez walikuwa wameshaanza kubadilisha kichwa chenyewe. Wauzaji wa mtandaoni wamelibeba neno hilo wakalipaka kila mbao iliyowahi kupita Japani.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia mpaka mods, wasimamizi wa jukwaa, wanifungie: HAKITOKI KITU, HAKIPAKWI KITU, HAKITUPWI KITU kabla hakijapigwa picha. Legeza nyuzi kwanza. Toa skrubu za bamba, kila moja ikumbuke tundu lake. Inua shingo, piga picha kisigino chake na tundu lenyewe, kwa mwanga wa pembeni maana penseli hufifia. Pikapu zifungue skrubu tu uzigeuze, waya usikate. Ukiona vumbi usifute kwa kitambaa chenye maji, puliza. Na kidole gumba kiweke mbali.

Hayo mengine uliyouliza, ya nyuzi na ufa, yatasubiri. Lete picha kwanza. Bamba, tundu, chini ya pikapu. Nipo hapa mpaka saa sita usiku.