Baba hakuwahi kurusha ndege, tumuandikie nini kwenye wasifu wake?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika. Baba yetu amefariki wiki tatu zilizopita, alikuwa askari mstaafu, injinia wa ndege za kivita, kazi kaifanya miaka 26. Tunaandaa siku ya kumbukumbu yake na mimi ndo mtoto mkubwa kwahiyo nimepewa kuandika wasifu, sasa kila nikikaa naandika tarehe ya kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, alafu kalamu inagoma. Mambo ya kazini baba alikuwa haongei kabisa. Watu msibani walikuwa wananiuliza mzee alirusha ndege gani, nikiwaambia hakuwa rubani naona kabisa hamu imewaisha. Mdogo wangu anasema tuandike tu "shujaa wa anga" yaishe lakini mimi roho inakataa. Pia ameacha sanduku la spana, kila spana ina namba imechongwa, na madaftari matatu yamejaa namba namba tu, na ndugu wanataka wagawane vifaa. Tumuenzi vipi mzee wetu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Barua yako nimeisoma mara mbili maana na mimi nimeshika spana chini ya mabawa ya ndege miaka mingi kabla sijakaa kwenye kiti hiki, kwahiyo hapa naongea kama mtu wa hanga kabisa, yaani banda la kutengenezea ndege.

Roho yako iko sahihi. "Shujaa wa anga" ni jina la mtu mwingine, msimvalishe. Baba yako alikuwa na lake na ni zito kuliko hilo, ngoja nikueleze.

Ndege ya jeshi hairuki mpaka kitabu chake kijazwe. Kila kazi iliyofanyika inaandikwa humo, nani kafungua, nani kafunga, nani kakagua, na zile kazi nyeti kama mifumo ya kuongozea ndege zinakaguliwa na mtu wa pili ambaye hakuzifanya, naye anasaini. Jeshi la anga la Uingereza kitabu hicho wanakiita Fomu 700. Fundi akiridhika anasaini kwamba ndege iko salama, rubani anasoma, alafu ndo na yeye anasaini kuipokea. Umeona mpangilio ulivyo? Saini ya fundi inatangulia. Rubani anaenda kukaa juu ya ile saini, anakabidhi uhai wake kwa mtu aliyebaki chini na mikono ya grisi, na mara nyingi hata hawajasalimiana asubuhi hiyo.

Sasa zile spana zenye namba. Zile namba sio urembo. Kazi ikiisha kila kifaa kinahesabiwa kurudi sehemu yake, na kimoja kikikosekana ndege haitoki hata kama kuna haraka gani, mtafungua tena mlichofunga mpaka kionekane, maana spana iliyosahaulika ndani inaweza kukwama kwenye nyaya au fimbo za kuongozea ndege ikiwa angani na hapo rubani hana la kufanya. Namba ndo inasema kifaa ni cha nani. Nimewahi kulala hangani kwa ajili ya bisibisi moja ndogo, na aliyesema hatuondoki alikuwa mzee wa aina ya baba yako. Usiku ule nilimchukia. Leo namshukuru.

Na ukitaka watu waelewe kwanini wazee hawa walikuwa wakali kwenye vitu vidogo wape mfano huu, sio wa jeshi lakini unafaa. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya abiria aina ya BAC One-Eleven ilitoka Birmingham Uingereza, ikiwa bado inapanda juu kioo cha mbele upande wa kapteni kikang'oka, kapteni akavutwa nje nusu mwili na wenzake wakamshikilia miguu mpaka rubani msaidizi akatua Southampton, na kapteni akapona. Walipochunguza wakakuta kioo kilibadilishwa muda mfupi tu kabla ya safari hiyo, na kati ya bolti 90 zilizofungwa, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tofauti haifiki hata milimita moja. Kwa macho huioni. Zile namba kwenye madaftari ya baba, namba za vipuri, masaa ya injini, kipimo cha kukaza nati, kwa fundi ndo ukuta unaozuia jambo kama hilo.

Kuhusu ukimya wake, wanajeshi wana mambo wanayokatazwa kusema, hilo lipo. Lakini kuna sababu nyingine ambayo familia nyingi za mafundi hawaijui. Kazi hii ikienda sawa hakuna kinachotokea. Ndege imeenda, imerudi, rubani kaenda kulala. Sasa mezani atawasimulia nini watoto? Rubani ana stori ya kuponea chupuchupu, fundi stori zake nzuri ni zile ambazo hazikutokea.

Ila wapo mainjinia ambao kazi yao ilionekana, na wale waliopoteza hamu msibani unaweza kuwatajia. Frank Whittle alikataliwa kwanza kujiunga na jeshi la anga la Uingereza kwa sababu ya ufupi, akarudi tena, akachukuliwa kama mwanafunzi wa ufundi mwaka 1923, na ni huyo huyo aliyekuja kubuni injini ya jeti, ndege yenye injini yake ikaruka mara ya kwanza 15 Mei 1941. Alafu Beatrice Shilling, huyu nampenda sana. Injini ya Merlin kwenye Spitfire na Hurricane, ndege za kivita za Uingereza, ilikuwa inakatika nguvu rubani akishusha pua ghafla kwa sababu mafuta yanavurugika kwenye kabureta, wakati Messerschmitt za Wajerumani mafuta yalikuwa yanasukumwa moja kwa moja ndani ya injini kwahiyo zinachapa mwendo tu. Mama huyu akatengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu kinachopunguza mafuta yanayopita, mwaka 1941 hiyo, na kinafungwa bila kuitoa ndege kazini. Alizunguka mwenyewe kwenye viwanja vya ndege kusimamia vinavyofungwa. Hakufyatua risasi hata moja.

Sasa ya kufanya. Watafute aliofanya nao kazi, na fanya wiki hii maana na wao umri umeenda. Usiwaulize baba alikuwaje, watakwambia alikuwa mtu mzuri na basi. Uliza siku gani alikataa kuitoa ndege, uliza alikuwa mkali kwenye nini, uliza vijana gani aliwafundisha wako wapi leo. Jeshini omba kumbukumbu za utumishi wake lakini msitegemee hizo peke yake, Marekani moto wa Julai 1973 pale St. Louis uliteketeza mafaili ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18, kwahiyo nyaraka mlizonazo nyumbani zipigeni picha mapema. Madaftari mpitishie kwanza mwenzake mmoja wa zamani ayasome, kama kuna kitu cha siri atajua namna ya kukirudisha.

Sanduku msiligawe, nakuomba kabisa. Vifaa vya fundi ni seti, kila kimoja kina nafasi yake na nafasi ikiwa wazi ndo kengele ya hatari, mkianza kuchukua moja moja mnavunja kitu alichokilinda miaka 26. Kama lazima litoke mpeni mtu mmoja, lote, tena atakayelifanyia kazi. Siku ya kumbukumbu lifungueni watu waone kila spana ilipo.

Na wasifu jaribu kuanza hivi, kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa: "Kwa miaka 26, ndege aliyoishika baba yetu haikuruka mpaka kwanza yeye aandike jina lake." Endelea hapo, alafu nitumie nisome.