Usisubiri picha: kwa mdogo wangu anayesomea upasuaji

Jumanne jioni niliandikiwa na daktari kijana aliye mafunzoni: "Dokta, mgonjwa analia kwa maumivu lakini mguu umevimba kidogo tu. Nimeanza antibiotiki, nasubiri CT skani. Nimekosea?"

Nilimpigia papo hapo: nilishuku "necrotizing fasciitis", maambukizi ya bakteria yanayoua nyama chini ya ngozi kwa kasi. Haya ni yale ambayo hatukupata muda wa kuyasema, maana swali lake lilinitonesha kidonda.

Mimi nilisubiri. Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo, zamu ya usiku, mgonjwa ana kisukari, mguu mwekundu chini ya goti, mapigo ya moyo 130. Maumivu yake yalizidi mno kile nilichokiona kwa macho, nami nikadhani anadeka. Nikaagiza picha. Foleni ikawa ndefu. Kulipokucha, wekundu ulikuwa umevuka mstari niliouchora kwa kalamu kwa upana wa kiganja, malengelenge ya zambarau yametokeza, na pale palipokuwa pakiuma hapakuuma tena, kwa sababu neva zilishakufa.

Bosi wangu hakuniuliza kitu. Alichoma ganzi, akapasua sentimita 2, akaingiza kidole. Kikateleza juu ya fasia, ule utando unaofunika misuli, kama mkono unavyozama mfukoni. Damu haikutoka, yalitoka maji ya kijivu kama ya kuoshea vyombo. Tulimkata mguu juu ya goti. Siku ya tatu akafariki. Mkewe alinishukuru, na shukrani ile sijaweza kuitua mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize. Antibiotiki mpe, na klindamaisini iwemo kwa ajili ya kuzuia sumu ya bakteria, lakini mishipa ya damu ya eneo hilo imeziba: dawa itafikaje kwenye nyama iliyokufa? Alama za LRINEC za mwaka 2004, zinazokadiria uwezekano wa ugonjwa huu kwa vipimo vya damu, zijue, ila zikiwa ndogo zisikulaze usingizi. Ukishuku, pasua. Kata mpaka ngozi na nyama zitoe damu na kidole kisipenye tena. Usiionee huruma ngozi, itapandikizwa baadaye. Kisha mrudishe kwenye meza ya upasuaji ndani ya saa 24, hata kama jana uliridhika.

Mwezi uliopita nilimpokea mama mwenye dalili zile zile. Saa mbili hazikuisha alikuwa mezani. Tulirudi mara nne, tukampandikiza ngozi, na wiki iliyopita ametoka wodini kwa miguu yake miwili. Ninajivunia, sifichi.

Mwamshe bosi wako. Akikufokea, afoke. Wangapi wamepoteza viungo kwa sababu sisi tuliogopa kupiga simu saa tisa usiku?

Kijana yule alinijibu usiku ule: "Kidole kimeteleza. Tunaingia chumba cha upasuaji." Kesho yake jioni nikamuuliza kama amemrudisha mezani. Akasema kidonda kinaonekana safi. Nikamwambia amrudishe.