Jibu: Kukusanya hadithi za wazee wa kaunti ya McIntosh, Georgia, Marekani

Ndugu, umeuliza uanzie wapi: kwa wazee au kwenye makaratasi ya kaunti. Anza kwa wazee, maana karatasi zitakungoja.

Kisiwani Sapelo, pale kijiji cha Hog Hammock, wamo wazawa wa Bilali Muhammad, Mwislamu kutoka Afrika Magharibi aliyekuwa mtumwa wa Thomas Spalding. Aliacha kijitabu kwa hati za Kiarabu. Watu walidhani ni shajara yake, kumbe ni fikihi (sheria za Kiislamu) ya madhehebu ya Maliki, mambo ya udhu na sala! Kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia. Ila kivuko cha kwenda kisiwani, kinachoondokea Meridian, hakikupeleki kiholela. Lazima uwe na mwenyeji au ziara iliyopangwa.

Upande wa bara, katika jamii ya Bolden, omba ruhusa uhudhurie ring shout, ibada ya kuimba huku watu wakizunguka. Tazama miguu: inaburuzwa kwa duara bila kupishana, kwa sababu kuipishanisha ni kucheza ngoma, na hii ni ibada. Mmoja hugonga sakafu kwa fimbo.

Ukisimuliwa Waigbo, mateka kutoka Afrika Magharibi waliofikishwa kisiwa cha St. Simons, kaunti jirani, mwaka 1803, wazee wengine watasema mateka hao walitembea majini, wengine watasema waliruka hewani kurudi kwao. Andika kama ulivyosikia, na tafadhali usimsahihishe mzee.

Makaratasi sasa: sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja waliokuwa watumwa wote kwa majina. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi ya watumwa, kwa kawaida bila majina yao. Hapo ndipo majina uliyopewa na wazee yatakapokufaa.